Siku kumi za Labani

Maandiko ya kusoma: Mwanzo 24:28-61, 27:41-45, 31:1-16



Mara nyingi katika jamaa zetu, watu wakija kumposa binti, anasimama kaka mmoja na kusema: "Mambo haya yanaenda mbio sana. Tungoje kwanza." Neno hilo ni la akili. Uchumba wa haraka umeliza wengi, na mimi sikuja kuusifu. Lakini katika fundisho hili tumtazame huyo anayesema tungoje. Yeye anangoja nini?

Mtumishi wa Abrahamu alifika mji wa Nahori na ngamia 10, kumtafutia Isaka mke. Kisimani alimpa Rebeka pete ya zahabu na bangili mbili za uzito wa shekeli 10. Sasa angalieni vizuri mstari wa 30. Labani, kaka ya Rebeka, aliona kwanza ile pete na zile bangili mikononi mwa dada yake, kiisha akasikia habari, ndipo akaenda mbio kumkaribisha mgeni kwa maneno ya baraka. Maandiko yangeweza kuacha kutaja zahabu mahali pale. Hayakuacha.

Jioni ile ile Labani na Betueli walikubali, wakisema kwamba jambo limetoka kwa Mungu. Mtumishi akatoa vitu vya feza na zahabu na mavazi kwa Rebeka, na vitu vya bei kwa kaka na kwa mama. Wakala, wakanywa, wakalala. Asubuhi, mtumishi alipoomba njia, kaka na mama wakageuka: binti akae nao kwanza, hata siku 10.

Ni watu wawili walioomba neno moja. Mama, mimi namwelewa. Mtoto alikwenda mbali, kwa mume ambaye hakuna mtu wa nyumba ile aliyemwona kwa macho, na uchumba wote ulimalizika usiku mmoja. Mama gani asingeomba siku 10? Juu ya Labani, Biblia haisemi pale moyo wake ulikuwa na nini. Lakini inatuonyesha matendo yake ya nyuma. Yakobo alimtumikia miaka 7 kwa ajili ya Rakeli, akapewa Lea. Akaongeza miaka 7 tena, na 6 juu ya mifugo, na Yakobo mwenyewe alisema mshahara wake ulibadilishwa mara 10. Labani alikiri kwamba alibarikiwa kwa sababu ya Yakobo, na ndiyo maana hakutaka aende. Mwishoni binti zake wenyewe walilalamika kwamba baba yao aliwauza na akala feza yao. Mtu wa namna hii akiomba siku 10, mimi nafikiri aliona kwamba ngamia 10 hawajapakuliwa mizigo yote. Kama nakosea, Bwana anisamehe.

Nasema hivi kwa sababu nami nilikuwa Labani. Mwaka 2004, hapa Bukavu, dada yangu mdogo alichumbiwa na kijana fundi wa kushona. Walijuana kwa majuma 3 tu, na watu wake wakafika nyumbani. Mimi nilikuwa nimemaliza masomo ya sekondari, bila kazi. Dada alikuwa akiuza sambaza soko la Kadutu, na unga tuliokula ulitoka katika kapo lake. Nilisimama mbele ya wazee nikasema kwa nguvu: hatujui ukoo wake, majuma 3 ni machache, tunatupa mtoto. Nilitaja hata maombi, kwamba sijapata amani rohoni. (Ndugu, neno hili tulitumie kwa woga. Nani atabishana na mtu anayesema hana amani rohoni?)

Baba mdogo alinisikiliza mpaka mwisho. Kiisha akaniuliza: "Umekwenda kwao kuuliza?" Sikuwa nimekwenda. Kwao kijana ilikuwa safari ya nusu siku kwa miguu. Kama ningeogopa ukoo wake kweli, ningekuwa nimeamka mapema na kwenda kuuliza majirani, kanisa lake, fundi aliyemfundisha kazi. Sikutaka kujua. Nilitaka siku ziongezeke tu, na kila siku ilikuwa na unga wake. Wazee walinyamaza, lakini kwa kuniheshimu kama kaka waliahirisha. Uchumba ukakaa miezi 9. Katika miezi ile yote sikwenda kuuliza hata mara moja.

Nilipowekewa mikono kuwa shemasi, dada alikuja na watoto wake. Jioni tukiwa wawili akaniambia: "Yaya, mimi nilijua. Kila asubuhi nilipokupimia unga, nilijua." Hakusema kwa hasira. Mimi nilikosa la kujibu, nikashika mtoto wake mapajani.

Turudi kwa Rebeka. Mtumishi hakugombana na Labani. Abrahamu alikuwa amekwisha kusema kwamba mwanamke asipotaka kufuata, kiapo kimeondoka. Basi wakamwita binti, wakamwuliza kama atakwenda na mtu yule, naye akakubali. Ilikuwa ni mara ya kwanza kinywa chake kuulizwa katika shauri lile. Hata Sheria ya Jamaa ya inchi yetu, ya tarehe 1 Agosti 1987, iliyorekebishwa mwaka 2016, inataka kila mmoja akubali ndoa yeye mwenyewe, na uchumba haumlazimishi mtu kuoa au kuolewa. Mimi katika baraza lile la 2004 nilisema karibu saa nzima juu ya dada yangu, naye alikuwa jikoni akitupikia.

Labani alimbariki Rebeka, akamwacha aende. Miaka mingi nyuma, Esau alipotaka kumwua Yakobo, Rebeka alimwambia mwanawe akimbilie kwa huyo kaka yake na kukaa kwake siku chache tu, mpaka hasira ipoe. Zile siku chache kwa Labani zilikuwa miaka 20. Na hakuna mahali palipoandikwa kwamba Rebeka alimwona mtoto wake tena.