SOMO LA AKINA MAMA: KIKOMBE SI KILO



Mwezi huu tunajifunza jambo linaloonekana dogo, lakini linamaliza sukari ya watu: kupima matunda madogo kwa kikombe tunapopika jamu. Fungueni kwanza Walawi 19:35-36. Hapo zimetajwa mizani na mawe, ambavyo ni vya uzito. Kisha imetajwa efa, chombo cha kujaza nafaka, na hini, chombo cha vinywaji. Waisraeli walijua kuwa kujaza ni jambo moja na uzito ni jambo lingine. Sisi ndio tunachanganya.

Tuchukue forosadi, yale matunda meusi yanayochafua vidole na nguo za watoto. Jamu yake hupikwa kwa kanuni rahisi: kilo moja ya matunda kwa kilo moja ya sukari, pamoja na maji ya ndimu ili igande. Mama asiye na mizani huweka kikombe cha matunda kwa kikombe cha sukari, akidhani ni sawasawa. Kumbe forosadi nzima hazibanani, katikati yake mna hewa. Sukari hujaza kila nafasi. Kikombe cha robo lita kikijaa forosadi mbichi kina gramu 145 hivi. Kikijaa sukari kina gramu 210 hivi.

Basi kilo ya forosadi ni kama vikombe 7, na kilo ya sukari haifiki vikombe 5. Aliyetia vikombe 7 vya sukari ametia karibu kilo moja na nusu! Nusu kilo imekwenda bure, na jamu ikikaa itafanya chembechembe. Mnajua wenyewe ni wangapi kati yetu wameuza sehemu ya mgao ili wanunue sukari hiyo.

Angalizo: pimeni matunda kabla ya kuyaponda, na maji ya kuoshea yachuje kwanza. Yakipondwa, hewa hutoka na kikombe kilekile hupita gramu 200.

Vikombe vyetu navyo havilingani, hasa vile vya bati. Kila mmoja apime chake. Lita moja ya maji ni kilo moja, na hilo linatutosha. Chukua fimbo iliyonyooka, ifunge kamba katikati na kuining'iniza, kisha ning'iniza mifuko miwili inayofanana huku na huku. Sogeza kamba ya katikati mpaka fimbo ilale sawa. Mfuko mmoja tia chupa ya nusu lita iliyojaa maji. Mfuko wa pili tia chupa tupu ya aina ileile, kisha ongeza matunda mpaka fimbo ilale sawa tena. Hiyo ni nusu kilo ya matunda. Yahesabu kwa kikombe chako, uandike ukutani kwa mkaa. Fanya vivyo hivyo kwa sukari.

MASWALI YA KUNDI

1. Mama ana vikombe 3 na nusu vya forosadi, kikombe cha robo lita. Atie sukari vikombe vingapi? (Jibu: 2 na karibu nusu.)

2. Jirani alikukopesha kikombe cha maharagwe makavu, nawe umemrudishia kikombe cha unga wa mahindi. Je, deni limekwisha? Pimeni vyote viwili kwa mizani ya fimbo kabla ya kujibu.