Taarifa za Mtu Zina Mwenyewe: Somo kuhusu Ulinzi wa Data na Usahihi wa Habari

Oktoba 2016, Wamakonde wa Makongeni, Msambweni, walifunga safari ya miguu kuelekea Nairobi. Wazee wao walitoka Msumbiji miongo mingi nyuma, wakaja kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na miwa. Watoto na wajukuu wao walizaliwa na kukulia hapa Kwale, lakini hawakuwa na kitambulisho cha taifa. Bila kitambulisho, mtu hakuweza kusajili laini ya simu kwa jina lake, kufungua akaunti ya benki wala kupiga kura. Februari 2017, baada ya miaka mingi ya kungoja, walianza kupokea vitambulisho vyao.

Safari hiyo inaonyesha thamani ya kadi ambayo wengi huibeba mfukoni bila kuifikiria. Hata hivyo, kadi ya namna hiyo hiyo leo huachwa kwa bawabu langoni, nakala yake husahaulika kwenye duka la fotokopi, na picha yake hutumwa kwa WhatsApp kwa mtu asiyejulikana anayeahidi kazi ya hoteli Diani. Mlango unaofunguliwa na kitambulisho kwa mwenyewe, tapeli naye anaweza kuupitia.

Somo hili linaeleza mambo matatu: taarifa za mtu ni za nani, anayezichukua anaruhusiwa kuzifanyia kazi gani, na mkazi afanye nini zinapokuwa na makosa.

Data ya kibinafsi ni nini?

Kifungu cha 31 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya faragha, ikiwemo haki ya kutodaiwa wala kufichuliwa habari za familia yake au mambo yake ya binafsi bila sababu. Ili kuipa nguvu haki hiyo, Bunge lilipitisha Sheria ya Ulinzi wa Data, ambayo ilianza kutumika Novemba 2019. Mwaka uliofuata, Kamishna wa Data wa kwanza, Immaculate Kassait, aliapishwa.

Kwa mujibu wa sheria hiyo, data ya kibinafsi ni taarifa yoyote inayomtambulisha mtu au inayoweza kumtambulisha: jina, nambari ya kitambulisho, nambari ya simu, picha, mahali anapoishi. Zipo nyingine ambazo sheria inaziita nyeti, kwa kuwa zikivuja zinaweza kuleta aibu, ubaguzi au hasara. Miongoni mwake ni hali ya afya, asili ya kikabila, imani, mali, majina ya watoto, na alama za mwili kama za vidole na macho.

Sheria haijali kama taarifa hizo zimo kwenye kompyuta au kwenye faili la makaratasi kabatini. Pia haibagui anayezichukua. Shule, hospitali, hoteli, kampuni ya mikopo, wizara na serikali ya kaunti, wote wanafungwa nayo.

Nani anauliza, na kwa kazi gani?

Sheria haimtaki mkazi amkatalie kila anayeuliza. Mhudumu wa afya ya jamii anapofika nyumbani Kinango au Lunga Lunga na simu ya kuandikisha familia, anafanya kazi inayotambulika. Akiuliza kama mama amehudhuria kliniki au kama mtoto amepata chanjo, majibu hayo yanasaidia kupanga huduma. Kadhalika, afisa anayeshughulikia fomu za basari anahitaji kujua jina la mwanafunzi na shule anayosoma.

Haki ya mkazi ni kuelezwa. Anayechukua data anapaswa kusema yeye ni nani, anaitaka kwa kazi gani, na itapelekwa wapi. Anapaswa kuchukua kile tu kinachohitajika kwa kazi hiyo, na asikae nacho kuliko muda unaohitajika. Orodha ya simu iliyoandikwa kwa ajili ya mkutano wa wadi haiwezi kugeuzwa kuwa orodha ya kutuma ujumbe wa kampeni.

Pale ambapo ruhusa ya mtu ndiyo msingi wa kuchukua data, ruhusa hiyo lazima itolewe kwa hiari na kwa kuelewa. Mwaka 2023, watu wengi walipanga foleni jijini Nairobi ili macho yao yapigwe picha na mradi wa Worldcoin, wakiahidiwa sarafu za kidijitali zenye thamani ya takriban shilingi 7,000. Serikali iliusimamisha mradi huo Agosti mwaka huo. Mei 2025, Mahakama Kuu iliamuru data hiyo ya miili ya watu ifutwe, kwa kuwa ilikusanywa bila tathmini inayotakiwa na sheria na bila ruhusa iliyo halali. Ruhusa iliyonunuliwa kwa ahadi ya pesa haikuhesabiwa kuwa ruhusa ya kweli. Mtu anaweza kubadilisha nambari ya siri ikiibwa, lakini macho hayabadilishwi.

Picha za wengine, na hasa za watoto

Septemba 2023, Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data ilitangaza adhabu kwa wakiukaji watatu. Shule ya Roma ilitozwa shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila ruhusa ya wazazi. Klabu ya Casa Vera ya Nairobi ilitozwa shilingi 1,850,000 kwa kuweka picha ya mteja kwenye mtandao wa kijamii bila ridhaa yake. Kampuni ya mikopo ya Mulla Pride ilitozwa shilingi 2,975,000 kwa kutumia majina na nambari za simu za watu kuwatumia ujumbe na kuwapigia simu za vitisho.

Maamuzi hayo yanazigusa shughuli za kila siku katika kaunti hii. Shule inayotaka kutangaza matokeo yake, madrasa au chekechea inayopiga picha siku ya mahafali, na hoteli ya ufuoni inayotaka kuonyesha wageni wake wakistarehe, zote zinapaswa kuomba ruhusa kwanza. Kwa mtoto, ruhusa hutoka kwa mzazi au mlezi, na maslahi ya mtoto ndiyo yanayotangulia. Mzazi akikataa, mtoto hapaswi kuadhibiwa kwa sababu hiyo.

Rekodi ikiwa na makosa

Juni 2021, Wakenya wengi waliingia katika mfumo wa eCitizen na kukuta wamesajiliwa kuwa wanachama wa vyama vya siasa ambavyo hawakuwahi kujiunga navyo. Mtu alikuwa ametumia majina na nambari zao za vitambulisho bila wao kujua. Kosa la namna hii si dogo. Anayetaka kugombea kama mgombea huru, au kuomba kazi ya umma inayomtaka asiwe mwanachama wa chama, anaweza kuzuiwa na rekodi ya uongo.

Sheria inataka data iwe sahihi na iende na wakati. Kwa hiyo mkazi ana haki ya kuomba kuona taarifa zake zinazoshikiliwa na ofisi au kampuni, na kwa mujibu wa kanuni za mwaka 2021 anapaswa kupewa ndani ya siku 7. Akikuta kosa, kama jina lililoandikwa vibaya au tarehe ya kuzaliwa isiyo yake, ana haki ya kuomba lirekebishwe ndani ya siku 14. Taarifa ya uongo au ya kupotosha anaweza kudai ifutwe.

Kwa laini za simu, mkazi anaweza kupiga *106# na kuona nambari zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake. Akikuta laini asiyoijua, aripoti kwa kampuni ya simu mara moja.

Usahihi wa habari

Kanuni ya usahihi haiishii kwenye faili la mtu mmoja. Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kusahihishiwa au kufutiwa habari ya uongo au ya kupotosha inayomhusu. Gazeti au kituo cha redio kikikosea, maadili ya uanahabari yanakitaka kisahihishe upesi, na aliyeumizwa anaweza kupeleka lalamiko kwa Baraza la Vyombo vya Habari la Kenya.

Lakini siku hizi habari nyingi hufika kijijini kupitia simu kabla ya kufika redioni. Mapema Mei 2024, Kimbunga Hidaya kilipoikaribia pwani ya Afrika Mashariki, serikali ilisimamisha uvuvi, kuogelea na shughuli za ufuoni. Kimbunga kilitua Kisiwa cha Mafia, Tanzania, tarehe 4 Mei, kikapungua nguvu. Onyo lililotolewa Ijumaa lilikuwa la kweli siku hiyo. Onyo hilo hilo likisambazwa wiki mbili baadaye bila tarehe linakuwa uongo, hata kama hakuna neno lililobadilishwa. Mvuvi wa Gazi au Vanga akiliamini, anakosa riziki. Akishachoka kudanganywa, onyo la kweli litakalofuata hataliamini, na hapo anaweza kupoteza maisha.

Kabla ya kusambaza ujumbe, mkazi anafaa kutazama mambo matatu: nani ameutoa, lini, na kama Idara ya Utabiri wa Hali ya Hewa, ofisi husika au chombo cha habari kinachoaminika kimesema vivyo hivyo.

Ulinzi wa data usigeuzwe kisingizio cha kuficha mambo ya umma. Hali ya afya ya mgonjwa ni siri yake. Gharama ya zahanati anayotibiwa ni habari ya wananchi wote. Chini ya Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016, ofisi ya umma inapaswa kujibu ombi la habari ndani ya siku 21.

Hatua za kuchukua haki ikikiukwa

1. Mkazi aweke ushahidi: picha ya skrini, ujumbe, fomu, tarehe na jina la ofisi au kampuni.
2. Aiandikie ofisi au kampuni hiyo, aseme kosa na marekebisho anayotaka, na abaki na nakala.
3. Asiporidhika, apeleke lalamiko kwa Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data. Lalamiko linaweza kutolewa hata kwa mdomo, na ofisi hiyo italiandika. Sheria inataka uchunguzi ukamilike ndani ya siku 90.
4. Aliyepata hasara anaweza kudai fidia.

Kinga ya kila siku nayo ni rahisi. Anayetoa nakala ya kitambulisho aandike juu yake kazi iliyokusudiwa na tarehe. Nambari ya siri ya M-Pesa asipewe mtu yeyote, na nambari ya uthibitisho inayoingia kwa ujumbe mfupi isisomewe mtu aliyepiga simu. Anayetangaza kazi na kutaka picha ya kitambulisho pamoja na ada kabla ya mahojiano atiliwe shaka.

Maswali ya kujadiliana nyumbani, chamani au barazani

1. Katika mwezi uliopita, ni wapi mtu wa nyumba hii aliacha kitambulisho chake au nakala yake? Je, alielezwa sababu?
2. Kikundi chetu kinahifadhi wapi orodha ya wanachama na nambari zao, na nani anaweza kuiona?
3. Ujumbe wa mwisho uliosambazwa katika kundi letu la WhatsApp ulikuwa na tarehe na jina la aliyeutoa?
4. Shule ya watoto wetu imewahi kuomba ruhusa kabla ya kuchapisha picha zao?

Wamakonde wa Makongeni walitembea ili waandikwe. Aliyekwisha kuandikwa ana kazi iliyobaki: kuhakikisha kilichoandikwa ni sahihi, na kinatumika kwa kazi aliyoikubali au iliyoruhusiwa na sheria.