Binti wa Theluji

Kwenye mwalo wa Kibirizi wachuuzi wa migebuka hufunika samaki wao kwa barafu. Chukua kipande kimoja, ukiweke juani. Baada ya muda huoni kitu ila maji. Likumbuke jambo hilo, maana hadithi ya leo imo humo.

Urusi ni nchi ya baridi kali. Majira ya baridi theluji huanguka kutoka mawinguni kama pamba, ikafunika mapaa na mashamba. (Sisi Watanzania theluji tunaijua ya Kilimanjaro tu.) Watoto wa huko huifinyanga, kama wetu wanavyofinyanga udongo.

Wazee wa Urusi walisimulia hivi. Mume na mke walizeeka bila kupata mtoto. Siku moja wakafinyanga binti wa theluji. Binti akawa mtu, akawaita baba na mama. Furaha yao mnaielewa bila mimi kueleza. Majira ya joto yalipofika, wasichana wenzake wakamchukua kwenda kucheza. Wakawasha moto, wakawa wanauruka mmoja mmoja. Binti naye akaruka. Akawa mvuke, basi.

Hadithi hiyo haikubaki midomoni. Katika miaka ya 1850 na 1860 Aleksandr Afanasyev alichapa vitabu vya hadithi za wanavijiji, karibu hadithi 600. Mwaka 1873 Aleksandr Ostrovsky aliandika mchezo wa kuigiza juu ya binti huyu, na Tchaikovsky akautungia muziki. Humo binti ni mtoto wa Mzee Baridi na Mama Machipuko, yaani majira ya miti kuchipua. Hajui kupenda. Kijana Mizgir anamwacha mchumba wake Kupava kwa ajili yake. Binti anamwomba mama yake ampe upendo, naye anapewa. Lakini moyo ukishapata joto, theluji itakaaje? Jua la asubuhi linamyeyusha, na Mizgir anajitupa ziwani. Mimi nilimhurumia Kupava, kumbe yeye alipata mchumba mwingine!

Mwaka 1961 Vladimir Bourmeister, mtaalamu kutoka Moscow, aliifanya hadithi hii kuwa baleti, akaitengeneza London pamoja na wachezaji wa huko. Siku hizo serikali za Urusi na Uingereza zilikuwa haziaminiani. Baleti ni hadithi inayochezwa jukwaani kwa muziki, bila mtu kusema neno. Kwa hiyo Mwingereza asiyejua Kirusi hakupungukiwa kitu. Katika baleti mikono ina maana zake. Mkono juu ya moyo ni kupenda. Kuonyesha kidole cha pete ni kuoana. Ngumi mbili zilizopishanishwa ni kifo. Mbona hata sisi tunayajua hayo? Mchezaji wa ngoma akiinama na kuinuka kama anapiga kasia, nani wa Ujiji atauliza anafanya nini?

Bibi yangu alijua hadithi nyingi za ziwa. Sikuandika hata moja, na wakati huo nilikuwa mwalimu tayari. Alipofariki, nilijikuta nakumbuka nusu ya hadithi moja tu.

MASWALI
1. Kwa nini binti aliyeyuka baada ya kupewa upendo?
2. Je, wale wazee wawili walikosea kumruhusu mtoto wao kwenda kucheza? Jadilianeni darasani.
3. Mwendee mzee mmoja wa kijiji chako wiki hii. Mwombe hadithi moja, uiandike katika daftari. Andika na jina lake.