Mstari wa Pili Ukionekana Kama Kivuli

Wengi wetu twajua kwamba katika kipimo cha mimba mistari miwili ni mimba, na mmoja si mimba. Taabu huja pale mstari wa pili unapoonekana kama kivuli tu. Bwenini nimesikia ikisemwa kwamba mstari hafifu ni mimba hafifu, itatoka yenyewe. Sivyo, na yafaa tujue kwa nini.

Yai lililorutubishwa likijishikiza katika mji wa mimba, mwili huanza kutoa homoni iitwayo hCG, nayo hufika katika mkojo. Tangu miaka ya 1930 homoni hiyo ilipimwa kwa chura wa Afrika ya Kusini, jina lake Xenopus. Alidungwa mkojo wa mwanamke, naye akitaga mayai kabla ya siku kwisha, mimba ipo. (Chura mwenyewe hakufa, aliweza kutumiwa tena.) Siku hizi kazi ya chura yafanywa na kikaratasi cha duka la dawa. Mstari wa C huonyesha kwamba kipimo ni kizima, na ule wa T hutokea homoni ikiwapo. C isipotokea, kitupwe, hata kama T imeonekana.

Basi kivuli kile ni nini? Hapo yatupasa kutazama saa. Vipimo vingi husomwa baada ya dakika 3 hadi 5; maelezo ya pakiti ndiyo ya kufuatwa. Mstari wenye rangi uliotokea katika muda huo, hata ukififia namna gani, kwa kawaida maana yake homoni ipo, ila ni kidogo bado. Lakini kipimo kilichoachwa dirishani hata kikakauka huweza kuonyesha alama ya kijivu isiyo na maana yoyote. Asiye na saa aazime kwanza.

Mwanzoni mwa mimba homoni hiyo huongezeka karibu maradufu kila siku 2 au 3. Kwa hiyo mwenye mashaka apime tena baada ya siku hizo, kwa kipimo kipya na mkojo wa kwanza wa asubuhi. Hata mstari mmoja haukati shauri ikiwa msichana alipima mapema mno. Hedhi isipokuja, arudie baada ya wiki. Kweli, mimba changa nyingine huharibika, lakini wembamba wa mstari hautabiri hilo. Tena, mwenye mistari miwili akipata maumivu makali ya tumbo, damu au kizunguzungu, asingoje kupima tena. Huenda mimba imetunga nje ya mji wake, nayo huua. Apelekwe hospitali saa ile ile, hata ikiwa ni safari ya usiku kutoka hapa Nyambureti hadi Mugumu.

Zamani jibu la kipimo lilikuwa pia mwisho wa masomo, maana mwanafunzi mwenye mimba alifukuzwa. Novemba 2021 Waziri wa Elimu wa wakati ule, Profesa Joyce Ndalichako, alitangaza kwamba aliyejifungua aweza kurudi shule ya serikali. Hivyo sioni sababu ya dada yetu kuficha kikaratasi chini ya godoro na kunywa mizizi. Zahanati watampima tena, na mimba ikiwapo ataanza kliniki, apimwe damu, apewe vidonge vya kuongeza damu na chandarua.