Kuendesha Gari kwa Hatari: Sheria Hupima Nini?

Abiria wengi hueleza safari mbaya kwa sentensi moja tu: "Dereva alituendesha vibaya." Wakiulizwa kilichotokea, hujibu kwamba walifika salama, na papo hapo huanza kushuku kama wana haki ya kulalamika. Tunaandika somo hili ili kuiondoa shaka hiyo. Chini ya Sheria ya Trafiki ya Kenya, Sura ya 403, kosa la kuendesha gari kwa hatari huweza kutimia hata kama hakuna aliyeumia wala gari lililokwaruzwa.

Kipimo cha sheria

Kifungu cha 47 kinamhusu mtu yeyote anayeendesha gari barabarani ovyo ovyo, au kwa mwendo au namna iliyo hatari kwa umma. Hatari hiyo haipimwi kwa hofu ya abiria wala kwa uzoefu anaojivunia dereva. Hupimwa kwa kuangalia mazingira yote, na sheria yenyewe imeyataja haya:

1. Aina ya barabara: je, ina kona, mteremko au daraja jembamba?
2. Hali yake: je, ina mashimo, utelezi au changarawe?
3. Matumizi yake: je, wapo wanafunzi wanaovuka, au soko kando yake?
4. Wingi wa magari yaliyopo wakati huo, au yanayoweza kutarajiwa kuwapo.

Jambo la nne ndilo linalosahaulika zaidi. Tuseme matatu inalipita lori kwenye kona ambapo dereva haoni mbele, na kwa bahati njema hakuna gari linalokuja. Dereva atajitetea kwamba barabara ilikuwa wazi. Utetezi huo hautoshi, kwa kuwa alipoanza kulipita lori hakuwa na njia ya kujua kama barabara iko wazi. Gari lingeweza kutarajiwa kutokea, na sheria inamtaka aendeshe kwa kulitarajia.

Mwendo halali nao huweza kuwa hatari

Magari ya abiria hayaruhusiwi kuzidi kilomita 80 kwa saa, na ndani ya miji kikomo ni kilomita 50. Hata hivyo, kikomo si kibali cha kwenda mwendo huo kila mahali. Kilomita 70 kwa saa kwenye barabara iliyonyooka, kavu na mchana kweupe huenda zisiwe na lawama. Mwendo uo huo katika mteremko wa kuelekea Daraja la Nithi, mvua ikinyesha, ni jambo jingine kabisa.

Bahati mbaya si kosa

Ni haki pia kumtendea dereva kwa insafu. Tangu miaka ya 1970 mahakama za Kenya zimeshikilia kwamba haitoshi kuthibitisha kuwa palikuwa na hatari. Ni lazima dereva awe na kosa lililochangia kuileta. Tairi zima likipasuka ghafla, pasipo dalili yoyote ya awali, hiyo ni bahati mbaya. Dereva aliyeondoka kituoni akijua kwamba tairi limelika hawezi kujificha nyuma ya bahati. Wala si lazima awe amekusudia kudhuru: kushuka chini ya kiwango cha dereva stadi na mwangalifu kwatosha kuwa kosa.

Makosa mawili ya jirani

Kifungu cha 49 kinahusu kosa dogo kuliko hilo: kuendesha bila uangalifu unaostahili, au bila kuwajali watumiaji wengine wa barabara. Kifungu cha 46 kinahusu kusababisha kifo, na adhabu yake hufikia kifungo cha miaka 10, pamoja na kufutiwa leseni. Kifungu hicho hakimhusu tu dereva aliye mwendoni. Mwenye kuacha lori bovu katikati ya barabara usiku, bila taa wala pembetatu za tahadhari, naye huweza kushtakiwa kifo kikitokea.

Jinsi ya kutoa taarifa yenye uzito

Linganisha kauli hizi mbili:

"Dereva alikuwa akienda kilomita 120."

"Saa moja usiku, mvua ikinyesha, dereva aliyapita magari matatu kwenye kona. Gari lililokuja mbele lilishuka barabarani kutupisha. Tulimwomba apunguze mwendo, hakupunguza."

Kauli ya kwanza ni makadirio. Katika shtaka la kuzidisha mwendo, sheria hairuhusu mtu kutiwa hatiani kwa maoni ya shahidi mmoja pekee. Kauli ya pili inaeleza mambo yale yale ambayo mahakama huyapima. Kwa hiyo andika nambari ya usajili wa gari, jina la sacco, mahali, saa, hali ya hewa na alichofanya dereva. Andika mapema, kabla kumbukumbu haijafifia, kisha upeleke taarifa katika kituo cha polisi. Uwe tayari kutia sahihi kwenye maelezo yako, kwani bila shahidi kesi nyingi hazisimami.

Ukiwa bado safarini, zungumza na utingo kwanza, kwa utulivu, na uwaombe abiria wenzako wakuunge mkono. Usigombane na dereva aliyeshika usukani. Ikiwa hasikii, shuka mahali penye watu na usalama.

Mwisho, tujikague sisi abiria wenyewe. Mara nyingi sauti inayosema "Kanyaga mafuta, tumechelewa" hutoka kwenye viti vya nyuma. Dereva ndiye atakayejibu mahakamani, lakini barabara haichagui nani wa kumdhuru. Usingoje ajali ndipo useme, kwa maana sheria nayo haikungoja.