Dawa ya Shamba Ibaki Shambani
Kijitabu cha kaya kuhusu chawa, utitiri, viroboto na kupe wa kuku, mbwa na paka

Jambo la kwanza, na ndilo kubwa

Hata ukisoma ukurasa huu mmoja tu, shika hili: dawa ya kupulizia nyanya, pamba au maharage haipakwi kuku, haiogeshewi mbwa, wala hainyunyizwi kwenye banda au chumba cha kulala. Chawa wa kuku hawaishi kwa binadamu. Wakikupanda watakuwasha kidogo, kisha watakufa. Kinacholeta wagonjwa zahanati si chawa, ni ile chupa iliyochukuliwa stoo ili kuwaua. Na wagonjwa ni walewale kila msimu: mama aliyekoroga dawa kwa mikono mitupu, mtoto aliyekuta chupa ya soda nyuma ya banda akadhani ni soda, kijana aliyevuta hewa ya dawa akinyunyiza ndani ya kibanda kisicho na dirisha. Hakuna hata mmoja kati yao aliyelazimika kuugua. Dawa ya shamba ibaki shambani.

"Lakini inaua wadudu vizuri"

Hoja hii ina ukweli wake. Dawa inayoua viwavi wa nyanya itaua na chawa wa kuku. Shida ni kwamba haichagui cha kuua, na kipimo chake hakikuwekwa kwa ajili ya kuku. Dawa ya mimea imepimiwa jani. Kibandiko kinaeleza kiasi cha kutia kwenye bomba la lita 15 au 20, halafu kinataja siku za kusubiri kabla ya kuchuma mboga. Hakisemi lolote juu ya kuku wa kilo moja na nusu, wala yai litakalotagwa kesho, wala mtoto atakayembeba kuku huyo jioni. Mwenye kuku wanane hachanganyi lita 20. Huchukua kikopo, akamimina kwa kukadiria, na anayetaka chawa wafe leo hukadiria kwa kuzidisha. Tena jani halijilambi. Mbwa na paka hujilamba, kuku hupitisha mdomo kwenye manyoya yake kutwa nzima, na chochote ulichompaka kinaingia tumboni mwake.

Kutoka tumboni kwa kuku sumu huweza kufika kwenye yai. Hili lilionekana wazi Ulaya mwaka 2017, pale ilipogundulika kwamba mabanda ya kuku wa mayai Uholanzi na Ubelgiji yalipuliziwa dawa ya utitiri iliyochanganywa na fipronili, kemikali isiyoruhusiwa kwa mifugo inayoliwa. Kemikali hiyo ilikutwa ndani ya mayai, na mamilioni ya mayai yakaondolewa sokoni. Wenzetu hao walikuwa na maabara ya kuwaonya. Yai la kiota chako halipiti maabara, linakwenda moja kwa moja kwenye kikaango, na usitegemee moto wa jiko kuondoa sumu iliyomo.

"Tumetumia miaka yote, hakuna aliyekufa"

Hii ndiyo hoja ngumu kuliko zote, kwa sababu anayeitoa hasemi uongo. Wengi hutumia dawa ya shamba kwa kuku na kesho yake wanaamka wazima. Lakini tuangalie hesabu hiyo inafanywaje. Sumu kidogo iliyopenya ngozini huleta kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, jasho na macho kuona ukungu. Mtu mwenye dalili hizo katika nchi yetu husema ana malaria, au jua limempiga, au amechoka. Hunywa vidonge, akalala, na hakuna anayekumbuka kwamba asubuhi alikuwa bandani na kikopo. Kwa hiyo tunaposema hakuna aliyedhurika, maana yake ni kwamba hakuna aliyehesabu. Na mtoto hana nafasi ya kukosea: kiasi kinachomtia mtu mzima kizunguzungu kinaweza kumwangusha mtoto wa miaka mitatu.

Kuna ushahidi mwingine, nao umo ndani ya hoja yenyewe. Kama umetumia dawa hiyo miaka yote, mbona chawa bado wapo? Kwa sababu mayai ya chawa yaliyogandamana kwenye mashina ya manyoya huweza kunusurika dawa hata wakubwa wakifa, na baada ya wiki moja hivi yanaanguliwa upya. Na kwa sababu utitiri mwekundu mchana hayupo juu ya kuku kabisa. Amejificha kwenye nyufa za ukuta, chini ya fito za kulalia na ndani ya majani ya kiota, akisubiri giza ndipo atoke kunyonya damu. Anayemmwagia kuku sumu saa sita mchana anamtesa kuku bure. Adui yuko ukutani.

Kabla ya dawa yoyote, tazama

Mshike kuku mchana, mpekue chini ya mabawa na kuzunguka sehemu ya kutolea kinyesi. Ukiona wadudu wa rangi ya majani makavu wakikimbia, na vishada vyeupe kwenye mashina ya manyoya, hao ni chawa na mayai yao. Usiku rudi bandani na tochi. Vidudu vidogo mno vyekundu au vyeusi kwenye fito na kwenye nyufa ni utitiri. Dalili yake nyingine ni kuku anayeatamia kuyasusa mayai, na mikono yako kuwasha baada ya kuokota mayai. Vitu vyeusi vilivyong'ang'ania kuzunguka macho na kwenye kishungi ni viroboto. Miguu iliyovimba magamba ni utitiri wa aina nyingine, unaojichimbia chini ya ngozi ya mguu.

Kinachofanya kazi

Kuku mwenyewe anajua kujitibu chawa, akipewa nafasi. Kuku anayefugwa ndani ya banda lenye sakafu ngumu hana vumbi la kujigaragaza, na hapo ndipo chawa wanapozidi. Tengeneza boksi au shimo lisilo na kina, mahali pasiponyeshewa, ulijaze mchanga mkavu na jivu la kuni lililopoa na kuchekechwa. Usitumie jivu la mahali palipochomwa plastiki au makopo ya dawa. Hili si jambo la bibi zetu peke yao. Watafiti wa Chuo Kikuu cha California walichapisha mwaka 2012 majaribio ya kuku waliowekewa boksi za mchanga uliochanganywa na unga wa madini. Kwa kuku waliozitumia, chawa na utitiri wa aina inayokaa juu ya kuku walipungua sana ndani ya wiki, na salfa ndiyo iliyofanya vizuri kuliko unga mwingine.

Hapa msomaji wa Mtwara au Lindi atauliza, na ana haki: salfa si dawa ya korosho? Mbona unasema dawa ya shamba ibaki shambani, kisha unaisifu salfa? Jibu ni kwamba majaribio yale yalifanywa kwa kipimo, ndani ya boksi, na watu waliojua wanachokishika. Mfuko wa salfa uliobaki baada ya kupulizia mikorosho umeandikiwa mikorosho. Vumbi lake likikuingia machoni na kifuani utajuta. Ukitaka kuitumia kwa kuku, mwulize kwanza mtaalamu wa mifugo wa kata akupe kipimo na namna. Jivu halihitaji kuuliza.

Kwa utitiri, kazi ni banda. Toa kuku wote, toa fito, toa majani ya viota uyachome mbali na nyumba. Mwagia fito na nyufa maji yanayochemka, ziba nyufa kwa udongo, paka chokaa, acha pakauke kabla kuku hawajarudi. Rudia baada ya siku 7 hadi 10, hata kama huoni mdudu. Wengi huharibu hapa: hufanya mara moja, wakaona afadhali, wakaacha, na utitiri unaoweza kukaa miezi bila kula ukarudi.

Kuku wakiwa wamezidiwa kabisa, nunua dawa ya unga ya kuku kwenye duka la dawa za mifugo, iliyo katika pakiti yake, yenye picha au neno kuku, na soma siku za kusubiri kabla ya kula mayai na nyama. Utasema ni ghali kwa kuku wanane. Basi nunueni majirani watatu pamoja, kwa sababu kuku wenu wanachanganyika njiani, na kumtibu wa nyumba moja peke yake ni kupoteza fedha. Viroboto wa machoni na magamba ya miguuni havihitaji hata hiyo: paka mafuta mazito ya mgando, mdudu akose hewa, urudie kila baada ya siku chache.

Paka

Dawa ya mbwa usimpake paka. Nyingi zina pemethrini, nayo humuua paka.

Mbwa

Kupe wa mbwa hutagia nyufani, si juu ya mbwa, kwa hiyo fagia na ziba anapolala kama ulivyofanya bandani. Kupe mmoja mmoja mvute polepole kwa kibano, umtumbukize kwenye maji ya sabuni. Usimpasue kwa kucha. Oili chafu ya gari na mafuta ya taa, ambavyo watu humpaka mbwa mwenye ukurutu, humchoma ngozi, naye huvilamba. Dawa ya kuogeshea ng'ombe imepimiwa ng'ombe na pipa la maji. Usiikisie kwa mbwa, na dawa ya shamba usiifikirie kabisa.

Kuku kulala ndani na watu

Sababu zinajulikana: wezi, vicheche, mvua. Hakuna anayependa kulala na kuku. Hata hivyo utitiri, viroboto na papasi hawana mpaka kati ya kitanda na kona ya kuku. Utafiti uliochapishwa mwaka 2007 kutoka katikati ya Tanzania ulikuta vimelea vya homa ya papasi ndani ya kuku na nguruwe wa kaya, na papasi huishi kwenye nyufa za sakafu ya udongo. Banda dogo lililoinuliwa juu ya nguzo, lililoegemezwa kwenye ukuta wa nyumba na lenye mlango wa kufunga kwa kufuli, linajibu suala la mwizi na la kicheche pia. Kama bado kuku wanalala ndani kwa sasa, hiyo ni sababu moja zaidi ya kutonyunyiza dawa ya shamba humo. Mtalala ndani yake.

Mtu akipatwa na sumu

Dalili ni hizi: mate mengi, machozi, jasho, kutapika, kuharisha, mboni za macho kuwa ndogo sana, misuli kucheza, pumzi kuwa ngumu, degedege. Degedege la sumu hudhaniwa la homa, na mtoto hupelekwa kwingine huku muda ukipotea. Mpeleke kituo cha afya mara moja, hata kama dalili ni moja tu, hata kama hazijaanza. Wakati usafiri unatafutwa, mvue nguo zote zilizoingia dawa, mwoshe mwili, nywele na kucha kwa maji mengi na sabuni, wewe ukiwa umevaa glavu au mifuko ya plastiki mikononi. Macho yaoshwe kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 15. Usimtapishe. Usimpe maziwa. Usimpe mafuta wala maji ya chumvi. Vyote hivi havitoi sumu, na vinaweza kumpalia. Akipoteza fahamu mlaze ubavu. Beba chupa ya dawa au kibandiko chake, maana daktari anayejua jina la sumu huanza tiba mapema.

Chupa

Dawa isihamishwe kwenye chupa ya soda, ya maji au ya pombe, hata kwa usiku mmoja, hata kwa jirani aliyeomba kidogo. Iwekwe juu, ndani ya kitu chenye kufuli, mbali na chakula cha watu na cha kuku. Mstari wa rangi kwenye kibandiko huonyesha ukali: mwekundu ni hatari kuliko yote, kisha njano, bluu na kijani, na kijani hakina maana ya kinywaji. Chupa iliyokwisha isuuzwe mara tatu, maji ya kusuuzia yaingie kwenye bomba la kupulizia mimea, kisha chupa itobolewe. Isikatwe kuwa chombo cha kunyweshea kuku.