Nikahi Bila Karatasi: Je, Wewe ni Mke au "Mwenzi"?



Ndugu zangu, wiki moja kabla ya mitihani dada mmoja alinisubiri nje ya msikiti baada ya Alasiri. Alikuwa ameshika fomu za viza. Nikahi yake ilifungwa Desemba sebuleni kwa babu yake, Jinja: walii yupo, mashahidi wawili, mahari yametajwa. Mume ni raia wa Uingereza na amesharudi kazini kwake. Hati ya ndoa hawana. Dalali wa viza akawashauri wajaze kwamba ni "wenzi wasiofunga ndoa", eti ndiyo njia rahisi.

"Kaka," akaniuliza, "nikiandika sijaolewa, nikahi yangu inabaki?"

Swali lake lina mambo mawili, na nianze na la sheria.

Uingereza inampokea mwenzi wa raia hata kama hawajaoana, mradi uhusiano wao umefanana na ndoa kwa muda usiopungua miaka 2. Zamani walitakiwa wawe wameishi pamoja miaka hiyo. Kanuni zikalegezwa mwaka 2024. Kanada ina mlango kama huo kwa walioishi pamoja mwaka mmoja. Marekani hawana: raia anaweza kumwombea mchumba wake viza ya K-1, na mchumba akishaingia wana siku 90 za kufunga ndoa.

Sasa, nani kati yetu anaingia kwenye fungu hilo la "wenzi"? Tusidhani ni wale wanaoishi kinyumba tu. Muislamu aliyefunga nikahi ndani ya Uingereza, nyumbani au ukumbini, bila kufuata utaratibu wa serikali, kisheria hajaoa. Mwaka 1998 nikahi moja ilifungwa katika mkahawa wa Southall, London. Mke alitarajia ndoa ya serikali ifuate, haikufuata. Wakaishi, wakazaa watoto wanne. Walipoachana, kesi ilifika Mahakama ya Rufaa, na mwaka 2020 majaji wakaamua kwamba sherehe ile haikuunda ndoa yoyote katika sheria ya Uingereza, hata ndoa batili. Na ndoa batili ingekuwa afadhali, kwa sababu hiyo ingempa mke haki ya kudai sehemu ya mali. Miaka yote hiyo mama wa watu, na mbele ya sheria ni mgeni tu katika nyumba ile!

Lakini nikahi ya dada yetu haikufungwa London. Kwa upande wa namna ya kufunga ndoa, Uingereza hutazama sheria ya mahali ilipofungwa. Uganda inazitambua ndoa za Kiislamu kwa sheria maalumu tangu enzi za ukoloni, na sheria hiyo inataka zisajiliwe. Basi dada huyu si "mwenzi", ni mke anayekosa ushahidi. Tena njia ya dalali ingemkwamisha mwenyewe, maana yeye na mumewe hawajafikisha hata mwaka mmoja tangu wajuane. Miaka 2 wangeitoa wapi?

La pili ni la fiqhi, na hapa nilimwomba anipe siku mbili nikasome. Talaka iko mkononi mwa mume, kwa hiyo kalamu ya mke kuandika "sijaolewa" haivunji kitu. Je, mume naye akiandika hana mke? Al-Khiraqi ameigusa mas'ala hii katika Mukhtasar yake, na Ibn Qudama akaisherehesha katika al-Mughni: mtu akiulizwa kama ana mke akasema hapana, akikusudia uongo, talaka haimpati. Akikusudia talaka, neno lile linakuwa kinaya, na kinaya pamoja na nia hupita. Kwa hiyo nikahi inabaki, ila dhambi ya uongo inabaki pia, na ofisi ya viza ikigundua udanganyifu inalikataa ombi.

Yule aliyefunga nikahi Uingereza bila usajili hukumu yake naiona tofauti. Fomu inamuuliza hali yake kwa sheria ya nchi ile, naye kwa sheria ile hana ndoa. Akijibu hivyo, kisha akaeleza nikahi yake kwenye barua ya maelezo, sioni uongo hapo. Hiyo ni rai yangu mimi mwanafunzi, waulizeni masheikh.

Na wapo waliowahi kuniuliza kama wanaweza kukaa pamoja kwanza "wapate miaka", nikahi ije baadaye. Hapana. Hata kwanjula, pamoja na gomesi na vikapu vyote vile, si nikahi.

Dada alirudi Jinja Ijumaa iliyofuata. Sheikh aliyewafungisha alikuwa bado ana majina ya mashahidi kwenye daftari lake, lakini shahidi mmoja amehamia Arua. Wanamsubiri aje atie sahihi, ndipo wapeleke hati URSB. Fomu za dalali amenipa mimi, naandikia rasimu za insha upande wa nyuma.